Kujiandaa kupiga mbizi kwenye meli iliyozama, mita 30 na zaidi: kwa wapiga mbizi wa Mtwara na Lindi

Mbizi ya mita 30 hadi 40 kwenye meli iliyozama huamuliwa nchi kavu, siku moja au mbili kabla ya kupanda chombo. Ukishafika chini una dakika chache mno, kichwa kimeanza kulewa naitrojeni, na hakuna hesabu mpya utakayoipiga vizuri huko. Kwa hiyo hapa tutakaa sana kwenye hewa, maji na kamba. Vifaa ambavyo kila aliyepita kozi anavijua tutavipitia haraka.

Mita 40 ndiyo mwisho wa mbizi za burudani. Cheti cha kwanza kinakuishia mita 18, kinachofuata mita 30, na kutoka hapo hadi 40 unahitaji mafunzo ya kina kirefu na mwalimu pembeni. Kama meli imelala kwenye mchanga wa mita 38 lakini deki yake iko mita 28, panga mbizi ya mita 30. Ukishuka ubavuni hadi mchangani hukuti kikubwa zaidi ya mchanga wenyewe, na jedwali la mbizi, linaloonesha dakika unazoruhusiwa kukaa kila kina, linakukata muda: kwa hewa ya kawaida jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya mbizi, linakupa dakika 20 mita 30, dakika 14 mita 35 na dakika 9 tu mita 40.

Hewa

Mtu mzima anayeogelea taratibu hutumia kama lita 20 za hewa kwa dakika akiwa karibu na uso wa maji. Juu ya maji presha ni bar moja, na huongezeka bar moja kila mita 10, kwa hiyo mita 30 ni bar 4 na mita 40 ni bar 5. Lita 20 za juu zinakuwa 80 mita 30, na 100 mita 40. Mtungi wa alumini uliozoeleka una ujazo wa lita 11.1, ukiwa na bar 200 umebeba lita 2,220. Ukigawanya kwa 80 unapata dakika 27 na unafurahi. Hesabu hiyo imesahau kwamba lazima urudi juu, tena huenda na mtu mwingine anayepumulia mtungi wako.

Anza na mwisho. Chukulia kwamba mwenzako ameishiwa hewa dakika ile ile mliyopanga kuanza kupanda, mko mita 30. Mtu aliyeshtuka huvuta lita 30 kwa dakika au zaidi, nyinyi wawili lita 60.

Dakika 2 za kupeana regulata (kifaa cha kupumulia kutoka mtungini), kutulia na kuishika kamba: 60 × 4 × 2 = lita 480.
Kupanda hadi mita 5 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika, kama dakika 3, presha ya wastani bar 2.75: 60 × 2.75 × 3 = lita 495.
Kisimamo cha usalama, dakika 3 kwenye mita 5: 60 × 1.5 × 3 = lita 270.
Dakika ya mwisho hadi juu: 60 × 1.25 = lita 75.

Jumla ni lita 1,320. Gawanya kwa 11.1, unapata bar 119, iandike 120. Geji ya yeyote kati yenu ikisoma 120, wote mnaanza kupanda, hata kama ndiyo kwanza mmeiona propela.

Sasa angalia kilichobaki. Kutoka bar 200 hadi 120 ni bar 80, yaani lita 888. Kushuka kunakula kama lita 100. Zinabaki karibu lita 790, ambazo kwa lita 80 kwa dakika ni dakika 10 chini. Jedwali linakuruhusu 20, mtungi unakuruhusu 10, na mtungi ndio unaosikilizwa.

Rudia hesabu hiyo kwa mita 40 uone. Akiba inapanda hadi lita 1,725, sawa na bar 155. Toa hewa ya kushukia, zinabaki dakika tatu na nusu hivi. Mtungi mmoja wa lita 11 usiupeleke mita 40. Hakuna mbizi hapo, kuna kwenda na kurudi tu. Ukipata mtungi wa chuma wa lita 15 wenye bar 200, akiba ya mita 30 inashuka hadi bar 88 (weka 90) na muda wa chini unafika karibu dakika 19. Huo ndio mtungi wa kutafuta kabla ya kitu kingine chochote, japo kwenye ukanda wa kusini si rahisi kuupata na mara nyingi italazimu uagizwe.

Wengine hubeba mtungi mdogo wa akiba wenye regulata yake. Ni jambo zuri, ila upigie hesabu nao. Mtu mmoja aliyeshtuka, kutoka mita 30, anahitaji kama lita 540 ili kufika juu pamoja na kisimamo cha usalama. Mtungi wa lita 3 wenye bar 200 una lita 600: unatosha kwa shida. Kutoka mita 40 anahitaji lita 710 na zaidi, na mtungi huo huo utamwishia njiani. Kwa kina hicho chukua wa lita 5 na kuendelea. Ufungue valvu na upime presha yake kila siku ya mbizi, kwa sababu mtungi wa akiba ambao haujatumika mwezi mzima ndio huo huo unaovuja polepole kwenye oringi (pete ya mpira ya kuzibia) bila mtu kujua.

Jambo linalowaponyoka wengi ni joto. Kompresa ikijaza haraka, mtungi unapata moto. Ukauacha juani kwenye boti, unapata moto zaidi. Mtungi unaosoma bar 200 ukiwa na joto la nyuzi 50 utasoma kama 186 ukipoa kwenye maji ya nyuzi 27. Umepoteza bar 14 kabla hujavuta pumzi ya kwanza, na kwenye mpango wetu wa mita 30 hiyo ni karibu dakika mbili za chini. Jaza jioni, acha ipoe usiku kucha, ongezea asubuhi, kisha ifunike kwa turubai au gunia lenye maji. Hesabu ya mwisho ifanyike kwa namba utakayoisoma ukiwa majini, umeshika boya, kabla ya kushuka. Kama ni 185, muda wa chini unapungua; bar 120 za akiba haziguswi.

Kuhusu hewa yenyewe: kompresa ya kujazia matairi au ya kupulizia rangi haijazi mtungi wa kupumulia. Mafuta yake na moshi wa injini huingia kwenye hewa, na kaboni monoksidi haina harufu. Kiasi ambacho juu ya maji kingekupa kichwa kuuma tu, mita 30 athari yake ni mara nne. Uliza kichujio kimebadilishwa lini na kimetumika saa ngapi. Angalia mpira wa kuvutia hewa umeelekezwa wapi kulingana na upepo na bomba la moshi. Kama mwenye kompresa anaudhika kwa maswali haya, nenda kwingine. Mtungi wenyewe uwe na muhuri wa kupimwa kwa presha ya maji ndani ya miaka 5 na wa kukaguliwa ndani ndani ya mwaka mmoja.

Ukipata naitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) ya asilimia 32, mita 30 inahesabiwa kama mita 25 za hewa ya kawaida, na jedwali linapanda kutoka dakika 20 hadi 29. Lakini ina sakafu yake: kwa kikomo cha presha ya oksijeni cha bar 1.4 mwisho ni mita 33. Ukiteleza kutoka kwenye deki hadi mchanga wa mita 38 nayo, unaweza kupata degedege majini, na degedege la majini huishia kwa kuzama. Pima mchanganyiko mwenyewe kwa kipima oksijeni, andika asilimia, kina cha mwisho na tarehe kwenye plasta juu ya mtungi, kisha weka asilimia hiyo kwenye kompyuta yako ya mbizi. Asilimia 28 inafika mita 40. Tena kumbuka, naitroksi inakuongezea muda wa jedwali, haikuongezei hata lita moja ya hewa.

Maji, mwezi na upepo

Bamvua ya pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yote hayo lazima yapite kwenye milango ya ghuba. Kwenye bamvua, ubavu wa meli unaweza kuwa na mkondo ambao mtu mwenye mapezi hawezi kuushinda, na anayejitahidi kuushinda mita 30 anavuta hewa mara mbili ya hesabu yake. Panga siku za maji mafu, mwezi ukiwa na siku saba au nane, au ishirini na moja au mbili. Ndani ya siku hiyo, lenga maji yanaposimama, na penda zaidi maji yaliyojaa: maji safi ya bahari kuu yameingia, unaona mbali. Maji yakikaribia kupwa yamebeba matope ya mikoko na mito.

Tumia jedwali la maji la Mtwara, kisha muulize mvuvi wa hapo hapo. Maji husimama kwenye meli kwa saa tofauti na bandarini, wakati mwingine zaidi ya nusu saa, na jedwali halilijui hilo. Wavuvi wa Msangamkuu, Mikindani, Msimbati au Sudi wanajua mahali nyavu zao zinaponasa, na mara nyingi ndio waliogundua chuma kilichoko chini kabla ya mpiga mbizi yeyote. Wape heshima yao: pitia kwa BMU ya kijiji (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe), eleza mnakwenda wapi, siku gani, saa ngapi. Hilo linawafanya pia wasitege nyavu juu yenu siku hiyo. Bendera ya buluu na nyeupe ya wapiga mbizi si kila nahodha wa mashua anaijua. Maneno yaliyosemwa ufukweni jana yake yanafanya kazi zaidi ya bendera.

Kwa majira, Juni hadi Agosti kusi huvuma na nje ya ghuba bahari inachafuka. Mvua za kusini, Desemba hadi Aprili, huleta tope la Ruvuma upande wa Msimbati na la Lukuledi ndani ya ghuba ya Lindi. Meli iliyo karibu na mdomo wa mto unaweza kuifikia na usiione. Oktoba na Novemba, upepo ukiwa umelegea na mvua hazijashika, ndio wakati wa kupanga mbizi ya kina.

Nje ya ghuba kuna jambo jingine. Mkondo mkubwa unaotoka mashariki hugonga Afrika karibu na Rasi ya Delgado na kugawanyika. Tawi letu hupanda kaskazini mwaka mzima. Mpiga mbizi aliyeikosa kamba akapandia mbali huchukuliwa uelekeo wa Lindi. Nahodha alijue hilo kabla, ili akianza kutafuta asianze kwa kuelekea kusini.

Vibali ni vya mapema pia. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, unapitia ofisi ya hifadhi na kulipa kiingilio. Karibu na njia ya meli za Mtwara unaongea na bandari, kwa sababu meli ya mizigo haiwezi kukukwepa, na msimu wa korosho zinaingia na kutoka kwa wingi.

Kamba ya kushukia

Usishuke kwenye meli ya kina bila kamba. Ukishuka kwenye maji matupu unaweza kufika mita 30 ukakuta mchanga, meli iko mita 20 pembeni, na huku dakika zako kumi zimebaki saba.

Unahitaji uzito wa kilo 20 hadi 25, kamba ya milimita 10 au 12, na boya. Urefu wa kamba ni kina, pamoja na maji yatakayoongezeka, pamoja na mita chache za ziada: kwa meli ya mita 30, mita 38 hadi 40. Ikizidi sana, kamba inalala na mkondo na boya linakuwa mbali na meli. Boya la dumu la lita 20 linaonekana la kutosha, lakini lina nguvu ya kubeba kilo 20 tu. Mkondo ukivuta na watu wanne wakalishika, dumu linazama na kamba inalegea. Funga mawili, au tumia boya halisi la kilo 40. Kaza vifuniko kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kifuniko kilicholegea huingiza maji polepole na utaligundua ukiwa kwenye kisimamo cha usalama, kamba ikianza kushuka mikononi mwako.

Nahodha apite juu ya meli mara mbili au tatu kwa GPS na kipima kina, atupe uzito upande ambao mkondo unatoka, ausubiri ufike chini, kisha aangalie boya kwa dakika chache kama linatembea. Linalotembea halijashika. Uzito utue kando ya meli au kwenye deki iliyo wazi, usiingie kwenye shimo la kupakilia mizigo, huko hutautoa. Nanga ya boti isitupwe kwenye meli kabisa. Boti inabaki injini ikiwaka au ikiwa tayari kuwaka, na mtu mmoja ndani yake ambaye hapigi mbizi.

Funga alama kwenye kamba mita 5, plasta nyekundu au fundo. Hapo hapo ning'iniza mtungi wa ziada wenye regulata mbili, valvu ikiwa imefungwa hadi utakapohitajika. Mtungi huo haumo kwenye hesabu yako ya hewa. Upo kwa ajili ya siku hesabu ilipoharibika.

Vifaa, kwa kifupi

Uzito wa risasi upimwe mtungi ukiwa karibu mtupu. Hewa ya mtungi uliojaa ina uzito wa kilo 2.7 hivi, na mtungi wa alumini ukiisha huanza kuelea. Kama uliridhika na mkanda wako mtungi ukiwa umejaa, mwisho wa mbizi utashindwa kukaa mita 5. Jaribu ufukweni: bar 50 mtungini, jaketi ya kuelea tupu, pumzi ya kawaida, maji yafike usawa wa macho. Upande wa pili, suti ya milimita 5 hubanwa na kina na kupoteza kuelea, kwa hiyo ukifika mita 30 utajihisi mzito. Weka hewa kidogo kidogo kwenye jaketi ukiwa bado unashuka, usisubiri ufike.

Kila mtu abebe tochi mbili, kompyuta yake mwenyewe, boya la ishara la kupuliza lenye rili (kigurudumu cha kuviringia uzi), na kitu cha kukatia. Kwa nyavu za nailoni mkasi imara ni bora kuliko kisu, kwa sababu unakata kwa mkono mmoja bila kuvuta. Uvae mahali ambapo mikono yote miwili inafika. Meli zilizozama pwani hii huvaa nyavu na mishipi miaka nenda rudi, na nailoni majini haionekani mpaka ikushike kwenye valvu ya nyuma, mahali usipopaona. Ukinaswa, simama. Kugeuka geuka ndiko kunakoviringisha wavu. Mwenzako ndiye anayekata.

Boya la ishara ni kwa siku ambayo kamba imekukosa. Ukifika mita 10 au 12, funga rili kwenye boya, puliza pumzi moja au mbili ndani yake, angalia juu, achia. Usifunge rili kwenye jaketi; ikikwama itakunyanyua nayo.

Maneno ya mwisho kabla ya kuruka

Naitrojeni ikizidi presha hulewesha. Kwa wengi huanza kuonekana kwenye mita 30, na mlevi mwenyewe hujiona yuko sawa. Dalili ya kweli ni kusoma geji na kusahau namba papo hapo, au kutazama bawaba ya mlango kwa dakika nzima kana kwamba ni dhahabu. Dawa yake ni kupanda mita 5 hadi 10. Inaisha bila kuacha kitu. Kwa hiyo kubalianeni juu: kila dakika 2 mnaoneshana hewa kwa vidole, na anayechelewa kujibu au anayejibu ovyo anapandishwa, bila mjadala.

Andikeni kwenye kibao cha majini namba nne tu: kina cha mwisho, dakika za chini, bar ya kupanda, na saa ambayo nahodha ataanza kutafuta. Nahodha abaki na nakala. Mwenye mafua hashuki, hata kama amekunywa dawa ya kuzibua pua. Dawa ikiisha nguvu chini, masikio na mapango ya uso yatashindwa kutoa hewa wakati wa kupanda, na hapo huna pa kusubiri. Aliyekunywa pombe jana usiku, au aliyeharisha na kupoteza maji, asubiri siku nyingine.

Mkisikia mlipuko wa baruti majini, hata wa mbali, mbizi imekwisha. Sauti husafiri mbali majini na huwezi kujua ulipotokea wala kama mwingine unafuata, na mlipuko wa karibu hupasua mapafu na masikio. Uvuvi huo ni haramu na umepigwa vita sana kusini, lakini anayepiga baruti hakupigii simu kwanza.

Ndani ya meli

Mbizi hii ni ya kuizunguka meli. Kuingia ndani kunahitaji kozi yake, kamba ya kuongozea, na theluthi moja ya hewa ya kuingilia, moja ya kutokea, moja isiyoguswa. Kwa wapiga mbizi wa burudani, kina na umbali wa ndani vikijumlishwa visizidi mita 40, na mwanga wa mlango uonekane wakati wote: ukiwa mita 30, hizo ni mita 10 za kuingia. Ukiweka akiba ya bar 120 kwanza, utakuta mtungi wa lita 11 hauna theluthi za kugawa. Ushauri wetu kwa mbizi ya kwanza ya kina ni kumulika tochi kupitia mlangoni na kuendelea na safari yako.

Kinachofanya ndani pawe kaburi ni vumbi. Matope yaliyotua kwa miaka mingi huinuka kwa pigo moja la pezi, na mapovu yako yanayogonga dari huangusha kutu kutoka juu. Kwa sekunde chache tochi inamulika ukuta wa kahawia tu. Hata nje, kaa mita moja au zaidi juu ya deki na upige mapezi kwa pembeni, magoti yakiwa yamekunjwa.

Chuma kilicholiwa na chumvi hukata glovu na suti. Usishike usichokiona: mkunga hupenda mabomba, na samaki wenye miiba ya sumu hukaa kwenye kutu wakifanana nayo. Ukichomwa, panda kwa utaratibu ule ule, kisha chovya sehemu hiyo kwenye maji ya moto kadiri unavyovumilia, nyuzi 45 hivi, kwa dakika 30 hadi 90. Meli ya kivita ni habari nyingine: risasi na makombora ya wakati wa Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa na manowari ya Wajerumani Königsberg bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, bado yanaweza kulipuka, na meli kama hizo zilikufa na watu wake. Usiondoke na kitu, hata parafujo.

Oksijeni na njia ya hospitali

Oksijeni iwe kwenye boti, si kwenye gari. Mgonjwa wa viputo (vya naitrojeni vinavyojitokeza mwilini baada ya kupanda) hupewa lita 15 kwa dakika kwa maski yenye mfuko. Mtungi mdogo wa lita 3 wenye bar 150 una lita 450: dakika 30. Wa lita 10 unafika dakika 100. Pima muda halisi kutoka kwenye meli hadi ufukweni, na kutoka ufukweni hadi hospitali ya Ligula (Mtwara), Sokoine (Lindi) au ya rufaa ya kanda, kwa boti na gari mtakalotumia, kisha chagua mtungi unaozidi muda huo.

Kwa wapiga mbizi wa kusini, chemba ya kutibia viputo (chumba cha presha) ya kukumbuka ni ya Matemwe, Unguja. Piga simu wiki ya mbizi kuhakikisha inapokea wagonjwa, na uwe na bima ya wapiga mbizi kama ya DAN (mtandao wa usalama wa wapiga mbizi), kwa sababu ndege ya kumsafirisha mgonjwa lazima iruke chini sana au ibane hewa ya ndani hadi usawa wa bahari, na gharama yake si ya kuchangishana kwenye kundi la WhatsApp.

Baada ya mbizi, kunywa maji, usibebe mitungi wala kuvuta nanga, na usikimbilie uwanja wa ndege. Saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi kadhaa ndiyo kiwango cha chini. Kwa mbizi ya kina, lala usiku na usafiri baada ya saa 24. Kinachosahaulika ni barabara. Basi la Dar kupitia Lindi na Kibiti halina tatizo, linafuata pwani. Newala, juu ya uwanda wa Makonde, iko zaidi ya mita 600 juu ya bahari, na Songea inapita mita 1,000. Kwa mwili wenye naitrojeni, mwinuko wowote unaozidi mita 300 unahesabiwa kama safari ya ndege. Anayekwenda kulala kwao Newala jioni ya mbizi aahirishe hadi saa 24 zipite.

Maumivu ya viungo, uchovu usio wa kawaida, ganzi, kizunguzungu, madoa ya ngozi au kushindwa kukojoa ndani ya saa 24 ni viputo mpaka daktari wa mbizi aseme vinginevyo. Huku kwetu mtu akisema viungo vinauma na mwili umechoka, anapimwa malaria na kupewa panadoli, na saa za matibabu zinapita. Viputo kwa kawaida havileti homa. Joto la mwili likiwa sawa na mtu ametoka majini jana, sema neno "mbizi" kabla ya yote. Andaa kadi mapema: jina, kina, dakika za chini, saa ya kutoka majini, gesi iliyotumika, saa dalili ilipoanza, saa oksijeni ilipoanza na simu ya chemba. Kadi iende na mgonjwa pamoja na kompyuta yake ya mbizi, na kompyuta hiyo asiivae mtu mwingine mpaka mbizi iliyomo isomwe.